Muulize Mwalimu: "Hadithi hii inatufundisha nini?" Hebu tuliweke hilo swali pembeni kwanza

Haya jamani, mwezi huu sikuchagua mada, mada imenichagua yenyewe. Toleo lililopita nilimjibu mtu mmoja tu aliyetaka vitendawili vya kufungulia kipindi, basi meseji zikamiminika, walimu, wazazi, hadi mwanafunzi wa sekondari, na wote wanauliza habari za ngano na kuhadithia watoto shuleni. Nimechukua hizi chache, nyingine nimezifupisha maana kuna mmoja alituma voisi noti ya dakika kumi na moja, mama wee. Majina nimeyaondoa kama kawaida yetu.

Mwalimu shikamoo. Nafundisha darasa la tatu wilaya ya Kilosa, nina watoto 94 chumba kimoja. Nilijaribu hadithi ya Sungura na Fisi kutoka kwenye kitabu, nusu hawakusikiliza, nusu walipiga kelele mpaka mwalimu mkuu akaja kuchungulia dirishani. Afu mwisho nilipouliza hadithi inatufundisha nini wakajibu wote kwa pamoja "inatufundisha tusiwe na tamaa", na nina uhakika hata hawajui nini kilitokea kwenye hadithi. Nakosea wapi?

Marahaba mwanangu, na pole, maana 94 hilo sio darasa, huo ni mkutano wa hadhara. Lakini nikwambie ukweli, idadi sio tatizo lako la kwanza. La kwanza ni kitabu. Wewe hukuhadithia, ulisoma, na mtoto anaijua tofauti toka sentensi ya kwanza kwa sababu macho yako yalikuwa kwenye karatasi hayakuwa kwake. Usijisikie vibaya, mimi mwaka wangu wa kwanza kazini nilifanya hivyohivyo, nikasoma kwa sauti nzuuri kama mtangazaji wa redio, nainua kichwa ukurasa wa pili, mtoto wa dawati la mbele kalala fofofo mate yanamtoka.

Bibi yangu mimi hakujua kusoma. Alikuwa anatuhadithia usiku kule Pangani wajukuu saba tumejibana mkeka mmoja, na kila akifika mahali anasita anasema "paukwa?", tukiitika "pakawa!" kwa nguvu anaendelea, tukiitika kivivu anajua wawili washasinzia anaruka kipande, na siku hakuna anayeitika anazima koroboi, kesho anaanzia palepale. Miaka mingi nilidhani ile paukwa ni pambo tu la mwanzo, kumbe ndo alikuwa anatupimia humo kama mpishi anavyoonja chumvi. Sasa wewe kwenye kitabu utasita wapi, utajuaje wamelala wangapi?

Kwahiyo fanya hivi. Hadithi usiikariri neno kwa neno. Shika mifupa yake, matukio manne au matano, shika kawimbo kama kapo, shika sentensi ya mwisho, basi, nyama utaweka mwenyewe ukiwa mbele yao. Ifanyie mazoezi nyumbani unaposonga ugali, msimulie hata mume, asipokusikiliza ndo mazoezi mazuri zaidi.

Afu hiyo "tusiwe na tamaa". Hapo ndo umenigusa. Siku moja nilihadithia nusu tu, nikafika katikati nikakohoa nikanyamaza, afu nikauliza kwa makusudi, haya watoto, hadithi yetu inatufundisha nini? Mikono kama ishirini juu! Tusiwe wavivu! Tuwatii wazazi! Tushirikiane! Hadithi haijafika popote, Fisi hata mlangoni hajatoka. Watoto wetu washajua majibu ni matano au sita, unataja mojawapo unapigiwa makofi matatu unakaa. Na sisi walimu ndo tuliowazoesha.

Hebu sikiliza maneno ya watoto wenyewe wanapoitika. Ukisema "hadithi hadithi!" wanasema "hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea". Uongo njoo! Mtoto toka mlangoni keshakubali kwamba huu ni uongo na anachodai ni utamu, hakuna aliposema mafunzo njoo. Sisemi ngano hazifundishi, zinafundisha sana, ila Sungura huyuhuyu tunayemtaja kila siku ni mwongo na mwizi na mara nyingi anashinda. Ile ya kisima si unaijua, kuna ukame, wanyama wote wanachimba, Sungura kagoma kuchimba, maji yakitoka anakuja kuiba usiku, kila mlinzi anamlaghai kwa asali mpaka anakubali kufungwa kamba, hadi Kobe anapakwa ulimbo anajificha majini ndo anamnasa. Sasa hapo ukimwambia mtoto ataje funzo moja unamdhulumu, maana rohoni anampenda Sungura na anajua kakosa. Achana na funzo, fungua kesi. Gawa darasa, hawa mawakili wa Sungura, hawa wa wanyama waliochimba, mmoja Simba ndo hakimu. Utashangaa watoto wa miaka tisa wanavyopangua hoja, kuna mmoja aliniambia "mwalimu, Sungura ana miguu midogo hawezi kuchimba, mbona hawakumpa kazi nyingine?" nikakosa jibu mimi.

Na wale 94 usiwaache wakae tu. Safu ya dirishani wao ni upepo, safu ya ukutani wao ni Fisi akicheka, katikati wanaimba kawimbo, kila ukinyoosha mkono wanajua zamu yao. Kelele itakuwepo ila itakuwa kelele yenye mwenyewe. Ukiweza watoe nje chini ya mwembe, wadogo mbele wakubwa nyuma, na mwalimu mkuu umuage mapema, usisubiri aje dirishani. Ukimaliza, wageuzie wawili wawili, kila mtu amhadithie jirani yake hiyohiyo hadithi kwa maneno yake mwenyewe, una wasimuliaji 47 kwa mpigo na dakika kumi zinatosha wabadilishane. Hapo utajua nani kaelewa kuliko lile swali lako. Kesho waagize kila mmoja aje na hadithi moja ya nyumbani, na asiye na bibi aombe kwa mama muuza vitumbua, wale wanazijua nyingi.

Asalaam alaykum Mwalimu. Mie nasomesha skuli moja hapa Unguja. Niliwahadithia watoto kisa cha Kima na Papa na wakakipenda mno, mwenzangu akanambia hicho si kisa cha Kiafrika, kimetoka Bara Hindi, niwatafutie cha asili. Ati kweli?

Waalaykum salaam. Mwenzako kasoma, ila kasoma nusu.

Kwa ambao hawakijui, kima alikuwa juu ya mkuyu uliopindia baharini, akila matunda anamtupia na papa chini, urafiki ukakolea mpaka papa akamwambia panda mgongoni nikupeleke kwetu ukaone ukarimu wetu. Kufika katikati ya maji papa anamwambia, ndugu yangu nikueleze kweli, sultani wetu mgonjwa na dawa yake ni moyo wa kima. Kima hakulia wala hakuomba, alisema tu, ah, ungenambia mapema, sisi tukisafiri mioyo yetu tunaiacha mtini, turudi nikauchukue. Papa akageuza. Kima kufika mtini akaruka huyooo, papa anaita njoo twende, kima anamjibu kwa kisa kingine, cha punda wa dobi. Simba mgonjwa, Sungura anamrubuni punda aende kwa simba, punda anaumizwa anakimbia, Sungura anamrudia anamrubuni tena, na yeye anakwenda tena, safari hii anauawa. Sungura anakula moyo na masikio kwa siri, simba anauliza viko wapi, anaambiwa punda huyu hakuwa na moyo wala masikio, angekuwa navyo angerudi mara ya pili? Basi kima akamwambia papa, na mimi unataka niwe punda wa dobi.

Kweli kabisa kisa hiki kipo India kwenye mkusanyiko wa Panchatantra wa lugha ya Kisanskriti, ni wa zamani sana, na hata yule punda asiye na moyo wala masikio yumo humo. Ila kule anayembeba kima ni mamba. Huku kwetu ni papa. Padri Mwingereza Edward Steere alipochapisha hadithi alizoandikiwa na kuambiwa Zanzibar, mwaka 1870, papa alishakuwa papa na mkuyu ushakuwa mkuyu, maana yake wazee wa hapo walishakitia mikononi zamani. Fikiria majahazi yanakuja na upepo wa kaskazi, mabaharia wanakaa miezi wakisubiri kusi iwarudishe, usiku unafanya nini pwani kama hakuna maneno? Na mtu wa Unguja mamba wa mtoni atamjulia wapi, yeye anayemjua ni papa, kila siku anamuona sokoni, mbichi na mkavu. Kwahiyo kisa kilikuja bila viatu kikavalishwa makubadhi hapahapa.

Mbona Abunuwasi hatumuulizi pasipoti? Mwenyewe alikuwa mshairi wa Baghdad zama za Harun Rashid, leo ukiuliza watoto wa pwani watakwambia ni mtu wa mtaa wa pili anayewazidi akili matajiri. Na zetu nazo zilitoka, watu waliouzwa utumwani kutoka Afrika walikwenda na visa vyao hadi kusini mwa Marekani, ndiko alikokulia yule sungura wao, Brer Rabbit, mwenye hila zilezile za Sungura. Hadithi ya asili ni ile ambayo watu wa mahali wanaihadithia kama yao, mie ndo msimamo wangu, na mwenzako akibisha mwambie aje tubishane kahawani.

Darasani sasa, tumia huo ubishi. Waulize watoto kwa nini papa na sio mamba, wape na kazi ya kukitunga upya kama kingetokea Mwanza ziwani au Dodoma kusiko na bahari, nani angembeba kima? Na usikikate pale kima anapookoka, walimu wengi wanakata hapo. Mwisho wenyewe ndo utamu, mtu kanusurika kufa na hatukani, anajibu kwa hadithi.

Mwalimu, mtoto wangu ana miaka sita, mwalimu wao kawaambia hadithi ya zimwi linalomeza watoto, usiku haendi chooni peke yake. Halafu sisi ni watu wa dini, haya mazimwi na majini shuleni ni sahihi kweli?

Chooni msindikize, wiki moja itapita. Zimwi la kwenye ngano lina kazi moja, kushindwa, na mara nyingi linashindwa na mtoto mdogo au kilema au yule aliyedharauliwa. Kosa la mwalimu naloliona ni moja tu, nakisia kengele iligonga zimwi likiwa bado limeshiba, watoto wakaenda nalo nyumbani likiwa hai. Walimu mnisikie, hadithi ya zimwi haikatwi na kengele, kama dakika hazitoshi hadithia ya kuku na mwewe. Kuhusu dini, ongea na mwalimu kistaarabu, visa vya wanyama vipo tele, ila hata vitabu vyetu vya dini vina nyoka anayeongea na nyangumi aliyemmeza mtu, mie naishia hapo nisije nikaitwa msikitini na kanisani siku moja.

Habari ya huko Mwalimu. Mimi ni mama wa kambo, naishi Nakuru. Mtoto wa bwanangu ako gredi ya tatu na tumekuwa tukielewana vizuri sana. Wiki jana alitoka shule akaniuliza kama mimi pia nitamnyima chakula nimpeleke msituni, ati mwalimu aliwaambia hadithi ya msichana na mama wa kambo. Nililia jikoni. Nataka kwenda shule niwaambie waache hizo hadithi, nimekosea?

Pole sana dada. Nikiri hapa mbele za watu, nimefundisha miaka 31 na nimeihadithia hiyo hadithi mara sijui ngapi na hilo halijawahi kunipita akilini hata siku moja. Mbele yangu walikaa watoto wangapi wanaolelewa na mama wa kambo, na jioni walirudi nyumbani kumuangalia mama kwa jicho gani, sijui.

Hizo hadithi zilikuwa na sababu. Kwenye nyumba za wake wengi ugomvi wa shamba na ng'ombe na chakula cha watoto ulikuwepo kweli, na mtoto aliyefiwa na mama hakuwa na baraza la kushtaki, kwahiyo ngano ikamshtakia. Anaimba kaburini kwa mamaye, ndege anasikia, ndege anamwambia baba, si unaona, hakuna mtu mzima aliyeambiwa moja kwa moja lakini wote waliokaa hapo kuzunguka moto wamesikia, hata na huyo mke mdogo mwenye tabia hiyo kasikia. Hapo hadithi ilikuwa inafanya kazi mbele ya wahusika. Darasani wahusika hawapo, anakwenda kuipeleka mtoto peke yake, na ujumbe unafika umevunjika.

Sitaki zifutwe, maana kuna mtoto mahali leo ananyimwa chakula kweli na hiyo hadithi ndo kitu pekee kilichomwambia kwamba anaonewa. Ila hadithi ya mdomo haina nakala moja takatifu. Mwalimu akimjua aliyekaa mbele yake anaweza kumfanya mbaya awe jirani, mjomba mlafi, mfalme, hadithi haitavunjika. Bibi zetu walikuwa wanabadilisha kila siku kulingana na nani kafika jioni hiyo.

Shuleni nenda, ila usiende kukataza. Huko kwenu mtaala wa umilisi unasema mzazi ashirikishwe, basi mwambie mwalimu unaomba siku moja uje uhadithie wewe. Nenda na hadithi yako yoyote, hata ya fisi aliyefuata harufu mbili za nyama kwenye njia panda akapasuka msamba, wachekeshe mpaka walie. Mtoto atakuona mbele ya wenzake mama yake akiwa ndo mwenye hadithi. Na leo jioni kabla ya yote mwambie hebu nihadithie hiyo ya shuleni, anza mwanzo kabisa. Itikia kila akisita. Usijitetee katikati, msikilize tu mpaka amalize, afu muulize huyo mama alikuwa na shida gani mpaka akawa hivyo. Mtakaa hapo mpaka chai ipoe.

Mwalimu hujambo? Gredi ya nne, Kitui. Kwa Kusikiliza na Kuzungumza natakiwa nimpe kila mwanafunzi kiwango, amezidisha matarajio, amefikia, anakaribia, ako mbali. Nina msichana mmoja hajawahi kusimama asimulie hadithi. Nimwandike ako mbali?

Sijambo. Usimuandike hivyo kabla hujamtazama wakati mwingine anahadithia. Anaitikia? Anacheka mahali pa kucheka? Midomo yake inaimba kawimbo? Hadithi ina watu wawili, anayesema na anayeitika, na somo lenyewe umelitaja kwa jina lake, Kusikiliza limetangulia. Mpe kazi ya kuongoza kiitikio tu, muhula mzima kama itabidi, asisimame, aongoze akiwa amekaa. Au mpe vitendawili, "kitendawili!" wenzake "tega!", hapo anasema sentensi moja tu, popo mbili zavuka mto, na wao wakishindwa wanampa mji. Mtoto mkimya akishapewa Mombasa na Kisumu na Nairobi zote zake, ataanza kusema mwenyewe.

Shikamoo, mimi niko kidato cha tatu Iringa. Tuna notsi kurasa 14 za fasihi simulizi, sifa zake, tanzu zake, vipera vyake yaani vitawi vya hizo tanzu, tofauti ya ngano na kisasili na visakale. Nimezikariri zote. Ila mwalimu hatujawahi kuhadithiwa ngano hata moja darasani. Ni sawa?

Marahaba. Sio sawa, na umeandika vizuri kuliko ambavyo ningeandika mimi. Ni sawa na kumfundisha mtu kuogelea kwa kumchorea bahari ubaoni.

Humo kwenye notsi zako kuna maana iliyotolewa na Profesa M. M. Mulokozi, najua ipo, kwamba fasihi simulizi ni tukio, kuna fanani yaani anayesimulia, kuna hadhira yaani wanaomsikiliza, kuna fani inayotendwa, kuna mahali na wakati. Sasa jiulize katika kurasa zako 14 fanani ni nani? Hadhira ni nani? Tukio lilitokea lini? Yule bwana aliandika kwamba hiki kitu ni tendo hai, na sisi tukaichukua sentensi yake tukaikausha tukaiweka kwenye daftari.

Na watu waligombana kukiingiza hicho kitu shuleni. Mwaka 1968, kwenye chuo ambacho leo ni Chuo Kikuu cha Nairobi, Ngũgĩ wa Thiong'o na Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong waliandika kwamba idara ya Kiingereza ifutwe, Afrika iwekwe katikati na fasihi simulizi iwe sehemu ya somo, ugomvi ukawa mkubwa, na 1974 walimu wakakutana tena Nairobi wakizungumzia fasihi ya Kiafrika mashuleni. Hiyo ni Kenya, lakini hewa ilikuwa ileile huku kwetu pia. Hawakugombana vile ili wewe unakili vipera.

Notsi zikariri, mtihani upo na hauna huruma, hilo sikudanganyi. Ila Ijumaa usiku bwenini baada ya kula, kusanyeni watu kumi, kila mtu na ngano ya kwao, Iringa hapo mna Wahehe, Wabena, Wakinga, watoto wa wafanyakazi kutoka kila kona. Wiki tatu tu. Afu kwenye mtihani wakikwambia toa mfano utakuwa na mfano wako, na anayesahihisha karatasi mia nne zenye Sungura na Fisi yuleyule ataamka usingizini.

Mwalimu, niko Shinyanga vijijini, la kwanza na la pili. Watoto wanazijua hadithi ila kwa Kisukuma, wakija kusimulia kwa Kiswahili wanakwama, inakuwa "akaenda, akaenda, akafika". Shule ni Kiswahili tu. Nifanyeje?

Mwache aseme kwa Kiswahili kile anachoweza na nyimbo aimbe kwa Kisukuma, wala usimtafsirie. Hata wazee wetu hadithi ikihama kutoka kabila moja kwenda jingine, kawimbo kalibaki na lugha yake, hakuna aliyekaelewa vizuri na wote walikaimba. Huko kwenu mna Masala Kulangwa, yule mtoto wa mwanamke pekee aliyebaki baada ya dubwana Shing'weng'we kumeza watu wote na mifugo, akakua akalisaka dubwana akalipasua tumbo watu wakatoka. Mtoto wa la pili anayeijua hiyo kwa bibi yake ana mali, kinachomkwamisha ni maneno ya kuunganishia tu, basi mpe hayo, "hapo zamani", "kumbe", "ghafla", "kabla hajafika", andika ubaoni na kila akikwama anaangalia ubao anachagua. Hilo ni somo la lugha tosha na hujatoka nje ya mtaala hata hatua moja.

Ila umesema pia kwenye meseji yako ndefu kwamba kuna mzee kijijini kawaonya watoto hadithi haziambiwi mchana. Sehemu nyingi hilo lilikuwepo, watoto wakatishiwa balaa kabisa, na mimi nadhani ilikuwa namna ya kulinda kazi, mchana ng'ombe wachungwe na shamba lilimwe. Mheshimu. Mwendee mwenyewe, mwombe ruhusa, na ikiwezekana mwombe aje aianze ya kwanza yeye. Mie nilikuwa nafunga madirisha na watoto wanafumba macho, tunasema usiku umeingia. Walipenda hiyo kuliko hadithi yenyewe.

Assalaam alaykum Bi Mwalimu. Sie tuko Muscat, watoto wangu wanasoma Kiarabu na Kiingereza, Kiswahili wanakisikia kwangu tu. Mama yangu yuko Unguja anazijua hadithi zote za zamani. Namwambia anirikodie voisi noti niwawekee, anakataa, anasema hawezi kuhadithia simu. Nimfanyeje bi mkubwa huyu?

Waalaykum salaam. Bi mkubwa yuko sahihi, mwache. Hawezi kuhadithia simu kwa sababu simu haiitikii. Akisema paukwa akanyamaza, nani amjibu?

Mpigie, usimrikodi. Weka spika katikati ya watoto, na wafundishe kwanza kuitika, maana ile ya pwani ina mfululizo wake, kaondokea chenjagaa, kajenga nyumba kakaa, mwanangu mwanasiti, vijino kama chikichi, wakishaishika hiyo tu hata maana hawajaijua utasikia sauti ya mama yako inabadilika. Nyie mko saa moja mbele, kwahiyo akimaliza magharib akapumzika kidogo ikifika saa moja na nusu kwake, kwenu ni saa mbili na nusu, hawajalala bado. Mara moja kwa wiki, siku ileile, isizidi robo saa mwanzoni. Maneno wasiyoyajua usiyakimbilie kuyaeleza, waache wamuulize yeye, kinu ni nini bibi, mkuyu ni nini, hayo maswali ndo atakayoyangoja wiki nzima.

Na hapo Muscat penyewe wazee wanaosema Kiswahili cha Unguja kizuri kabisa wapo wengi, waliokuja baada ya 1964 na waliofuata miaka ya 1970. Ukimpata bibi mmoja wa jirani umkaribishe siku ya simu, akae na watoto upande wenu. Wataanza kubishana wao kwa wao, "si hivyo, kwetu sie papa alisema hivi", na watoto watakaa kimya wasikilize.

Kurikodi utarikodi baadae, ukishamuomba ruhusa, na uanzie pale watoto wanapoitika.